Mgeni wa Miezi Kumi na Minane

Barua ya benki ilinikuta jikoni, Northampton,
nimevua kiatu kimoja, kingine bado,
natoka zamu ya usiku kule ghalani
ninakobandika lebo kwenye maboksi ya watu
wasiojua kwamba nipo.

Mkopo tutakupa, walisema.
Riba ishirini na mbili kwa mia.
Nikaisoma mara mbili, kama mtu asomaye jina la marehemu
akitumaini ni la mwingine, yamefanana tu.

Deni lenyewe halikuwa la anasa.
Boila ilikufa Januari, mtoto akawa analala na koti;
kisha tiketi ya Tanga, kumzika baba,
safari ya ghafla, bei ya ghafla.
Pauni elfu mbili na mia nne.
Kukopa harusi, wanasema, kulipa matanga.
Mimi nilikopa matanga.
Na kulipa nako, matanga vilevile.

Salha wa ghorofa ya juu ndiye aliyenionyesha mlango wa pembeni:
kadi mpya, lihamishie deni huko,
miezi kumi na minane bila riba.
"Hujalilipa," akasema, "umelihamisha nyumba tu.
Ila hii mpya haina kodi.
Ukichelewa siku moja, riba inarudi na ndugu zake."
Kiingilio, tatu kwa mia: pauni sabini na mbili.

Nikajaza fomu kwenye simu, kidole kina gundi ya lebo.
Miaka katika anwani hii? Minne.
Wanaokutegemea? Kisanduku kilitaka tarakimu moja.
Nikaandika moja.
Mama, shangazi Mwanahawa, karo ya Mbaruku,
hao hawakuenea kisandukuni.

Wakakubali kabla chai haijapoa.

Deni likahama bila godoro wala sufuria.
Kadi ya zamani ikasoma sufuri,
nikaishangaa kama uso wa mume aliyenyoa ndevu.
Usiku ule ule ikaanza kuninong'oneza:
niko mtupu, nina nafasi,
mtoto hana viatu vya mvua.
Nilivitafuta hadi bei yake. Nilivitia kikapuni.
Ndipo nikaenda kutafuta mkasi wa kukatia kuku.

Ilikuwa ngumu kuliko paja.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu nimempa miezi kumi na minane,
na jembe ninalima mimi:
mia moja thelathini na saba na peni kadhaa,
kila tarehe ishirini na nane,
Jumapili mbili za saa za ziada.
Ninatia alama nyekundu kwenye kalenda
tuliyopewa bure na bucha la Wasomali.

Tuko mwezi wa saba.
Jana mtoto aliuliza alama zile ni za nini.
Za mgeni, nikamwambia, anajiandaa kuondoka.
Akatazama sebule, akatazama ngazi,
akauliza analala chumba gani.