Ufa wa Vitongoji

Karatasi inasema: Mfikiwa, kitalu C,
kiwanja namba hamsini na saba,
mita ishirini kwa ishirini na tano.
Macho yanasema: magugu, udongo mwekundu,
vigingi vinne vilivyopakwa chokaa kichwani
na mbuzi wa watu kafungwa kwenye kimoja,
utadhani yeye ndiye mwenye hati.

Pesa ni ya karafuu, misimu mitatu,
na ya zamu za usiku wodi ya wazazi.
Naweza kuhesabu vidole vya kichanga gizani.
Nondo sijui kuzihesabu.

Fundi Shaame alikuja mwanzo, na simu yake.
Akatelezesha picha kwa kidole:
bati lililofichwa, nguzo nene kama za benki,
vioo vya buluu mpaka chini.
"Hii ya Maskati, hii ya Fumba. Wewe chagua tu, dada."
Nikamuuliza jiko liko wapi.
Akarudi nyuma picha tisa. Halikuwemo.
Bei aliitaja mbio,
kama mtu anayevuka barabara.

Shemeji Mbarouk akamleta binamu yake.
"Wa kwetu huyu, hatakuibia."
Nikanyamaza. Wa kwetu akikuibia
utampeleka kwa sheha yupi,
na Idi utakula kwa nani?

Wa baada yao nilimtafuta mwenyewe.
Mjaka Hamad, mfupi, kofia imeliwa na saruji.
Picha hana. Alikuja na uzi, timazi na maswali.
"Masika, maji huingilia wapi hapa?"
"Kibla upande gani? Nisije nikakielekeza choo."
"Mama yako bado anapanda ngazi?"
Akasimama kwenye mlango ambao haupo,
akanyoosha mikono, akapima hewa.
"Huu uwe mpana. Siku ya kutoka mtu na jeneza
wasimpindepinde."
Alisema hivyo hivyo tu, kama anayeagiza misumari.

Nikamwambia: nioneshe nyumba uliyojenga.
Nilitaraji ile ya Gombani, ya ghorofa,
inayosifiwa na kila apitaye.
Akanipeleka Vitongoji,
kwa Bi Time Khatib, mjane, vyumba viwili.
Akabisha hodi, akaomba ruhusa, akasogeza kabati.

Ufa.
Umeanzia pembe ya dirisha, umeshuka kama mzizi,
upana wa ukucha.
"Huu wangu," akasema. "Msingi niliusimamisha juu ya kifusi.
Niliharakishwa, nami nikaharakika.
Kila masika yakiisha huja kuutazama."
Bi Time akacheka nyuma ya kanga:
"Huuziba kwa saruji yake, mie namtilia chai.
Kabla ya fundi huyu
n'likuwa sina hata ukuta wa kupasuka."

Njiani kurudi sikusema kitu.
Nilikuwa nishachagua.

Jana tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa,
yeye akachora kwa kijiti, mie nikafuta kwa kandambili:
ukumbi, vyumba vitatu,
jiko lenye dirisha la mbele
nimjue anayekuja kabla hajabisha.
Baraza je? Mtaa huu hauna ruhusa.
Watu wa mipango miji wameshasema:
mita tatu toka barabarani pawe wazi,
nyumba zifanane, bati zote kijani.
Mjaka akakuna kofia.
"Basi tusiiite baraza. Kwenye ramani andika kizingiti.
Kizingiti kirefu kidogo,
cha kukaa watu wanne na sinia."

Mkataba kurasa mbili:
theluthi kwenye msingi, theluthi kwenye lenta,
iliyobaki bati likishafunga.
Mwanangu Raya akatia saini ya shahidi.
Fundi akaomba kalamu tena,
akaongeza chini, herufi kubwa kubwa, wino ukikwama:
*Nikikosea nitaonesha.*

Tulipoinuka, mbuzi alishakata kamba.
Kapita ukumbini bila hodi,
kavuruga jiko lote kwa kwato,
kajilaza chumbani kwangu,
uso kibla.