Namba ya Bahati Nasibu

Kompyuta imebahatisha namba; Nongma apiga.
Wagadugu, ghorofa ya pili, feni mbovu.
Upande wa pili ni Kaya, mji,
si kaya ya kwenye fomu:
upepo, mbuzi, sauti ya mwanamke.

"Tangu Januari iliyopita, hapo nyumbani,
kuna aliyefariki?"

Kimya. Sekunde kumi na moja;
skrini huhesabu hata kimya.
"Ngoja nimfunge mbuzi."

Akarudi. Mtoto wa Takko, siku tatu tu,
hata jina hakuwahi kupewa.
Mzee Dikko, kifua.
"Na mwenye simu hii."

Nongma akapanda tena juu ya fomu:
Mwenye namba: yupo, hayupo.
Kidole kikagoma.

"Umri wake?"
"Alizaliwa mwaka wa nzige."
"Sababu ya kifo?"
"Barabara ya Jibo. Andika barabara."

Ugonjwa, ajali, uzazi, nyingine.
Aligusa nyingine,
kisha kwenye kiganja, kwa kalamu: barabara.

Mwisho ni asante, na vocha ya faranga mia tano.
"Tuitume namba ipi, mama?"

"Hiihii. Nisipoiwekea salio
watampa mtu mwingine."