Gia ya Tano

Februari, Dakota. Hita ya mafuta inakohoa ghalani,
pikapu ya marehemu baba imepandishwa juu ya magogo.

Ilikuwa na gia tatu tu,
mkono wake umeota ubavuni mwa usukani;
kuubadilisha ni kusonga ugali uliokwisha kuiva.
Hii ya gia tano si mpya. Tumeing'oa
kwenye gari lililogonga kulungu karibu na Minot:
dola mia mbili na debe la asali.

"Shafti imezidi," anasema kaka yangu Halvor.
Inchi tatu na robo. Anaipima tena,
kana kwamba chuma kitaona haya, kipungue.
Tunaikata, tunaichomea.
Bolti ya mwisho ya klachi inagoma
hadi aitukane kwa Kinorwe cha bibi yetu.

Imebaki sakafu. Lazima itobolewe.
Hapa mbwa wa baba alilala miaka kumi;
unywele mweupe bado umenasa kwenye rangi.
Nashika msumeno. Nauweka chini.
Halvor anajidai anatafuta nati.
Natoboa.

Aprili, barabara ya lami, matope pembeni.
Mkono wangu unautafuta ule wa zamani, unashika hewa.
Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu:
hapa ndipo injini ilipokuwa ikilia
nasi tukikaza macho mbele, hatusikizani.
Ya nne.
Ya tano,
na kimya kinaingia kama abiria.

Halvor anafungua mdomo, anaufunga.
Miaka yote tuliisingizia giaboksi.