Bisibisi

Julai, Pasua. Mlima umejifunika shuka tangu Jumapili.
Mzee Aminieli alinipigia kabla sijanywa chai:
"Fundi, njoo na bisibisi. Nyundo acha,
sitaki kelele."

Chumba cha tatu, ua wa nyuma, karibu na karo.
Ndani Naetwe, mchambua kahawa
ambaye msimu umemwishia vidoleni.
Kodi ililala elfu sitini,
ikaamka tisini,
na ya miezi sita, mkononi, kwa mkupuo mmoja:
laki tano na arobaini.
"Mkataba wetu unasemaje?" aliuliza.
Mzee akagusa mdomo wake kwa kidole.
Mkataba ulikuwa pale, ukitafuna mswaki.

Sikumtazama usoni. Nilitazama bawaba.
Tatu, skrubu nne nne, mbili zimeshika kutu.
Mlango niliuunda mwenyewe, mkaratusi,
mwaka ule mbao zilipopanda bei
nikampunguzia mzee, kwa kuwa alisema,
"Fundi, nawajengea watu."

Skrubu ya kumi na mbili ilipotoka
Naetwe alisema, taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Kitasa niachie. Kitasa nilinunua mimi."
Nikakichomoa. Akakipokea kwa mikono miwili,
na funguo mbili, mmoja wa mwanawe aliye shule.

Stoo ya mzee: milango minne imeegemea ukuta
kama watu waliosimamishwa foleni.
Mitatu naijua kwa randa yangu.
Nikaongeza wa tano, nikapewa elfu tano.
Sikuhesabu. Nilihesabu njiani.

Usiku Naetwe alitundika kitenge.
Upepo wa mlimani haupigi hodi.
Wapangaji wenzake walitoa viti na birika,
wakakaa kizingitini kwa zamu
mpaka adhana.

Nami huko Njoro nimepanga.
Nililala macho, nikizitazama bawaba zangu.
Komeo la mlango hukaa ndani,
hata mwanagenzi wa siku moja analijua hilo.
Komeo la sheria ya mpangaji
nani alilifunga kwa nje?

Barua ya serikali siijui kuandika. Najua vipimo.
Basi nipimieni hivi:
notisi iwe ya miezi, isiwe ya asubuhi;
bei ikipanda, ipandie kwenye karatasi;
kodi ya mwezi iwe ya mwezi.
Na halmashauri yenye viwanja ijenge vyumba
ambavyo mchambua kahawa atavilipia
na bado jioni sufuria lichemke.
Na mlango, jamani, mlango
usibanduke ukutani kabla hakimu hajauona.

Leo mzee amepiga tena. Chumba cha sita.
Simu inatetemeka juu ya benchi,
inajichimbia ndani ya maranda.
Nililipwa kufungua.
Nani atanilipa kufunga?
Bisibisi iko mfukoni, imepata joto la paja.
Sijapokea.
Bado inaita.