Chumba cha Mitungi

Barua ilisema: siku kumi na nne,
kisha tutafuta kila kitu chenu.
Ilikuwa na adabu. Ilitutakia mwaka mwema.

Ruwaza mia sita na kumi,
makoti, sketi, kola za enzi za kiwanda,
tulizozichora sisi wanne kwa penseli
kabla vinu vya Łódź havijazimwa,
halafu tukaziskani, tukawapa watu tusiowajua watutunzie
kwa sababu ilikuwa bure.
Nguo ya kuazima. Unajua mwenyewe inasitiri nini.

Basi nikatwaa kompyuta ya mkwe wangu,
ile iliyovunjika bawaba,
nikaiweka stoo, rafu ya pili,
kati ya mitungi ya matango na ya plamu,
kwa kuwa ndiko kwenye baridi na soketi.
Nikafuta vyote vilivyokuwamo. Nikaweka Linuksi.
Skrini nyeusi, kistari cheupe kinapepesa
kama cherehani inayosubiri mguu.

Kumbe amri ni uzi tu:
ukikosea herufi moja tundu la sindano limekupita,
unalamba ncha, unaanza tena.
Hifadhidata ikakubali. Cheti kikakubali.
Jina langu likakubaliwa nusu:
mashine haikuutaka ule mkwaju unaoikata L,
ikaniandika bogumila, kama mgeni wa hoteli.

Usiku wa manane nikapakia koti la kwanza.
Ruhusa imekataliwa.
Nikarudia. Imekataliwa.
Mara ya tatu nikacheka peke yangu, kwa hasira,
maana nilimsikia msimamizi Zenon
mwaka wa themanini na mbili, mlangoni mwa karakana:
nani kakupa ruhusa?

Kosa lilikuwa dogo. Folda niliiunda mimi,
lakini kwenye daftari la mashine
mwenyewe alikuwa mwingine, yule mkuu asiye na uso.
Mstari mmoja, maneno manne,
na kitu kikarejeshewa jina la aliyekitengeneza.
Ningeupata mstari huo zamani.

Saa kumi kasorobo Wiesława akaingia kutoka Białystok.
Ludmiła hasikii simu; mjukuu atamwonyesha.
Jadwiga nimemfungulia akaunti pia.
Najua. Nilikuwepo makaburini.
Lakini nusu ya kola zile ni mkono wake,
na siwezi kuiacha kazi yake chini ya jina langu.

Feni inavuma. Mitungi inagongana kidogo,
kifuniko kwa kifuniko.
Nimebandika karatasi mlangoni:
plamu chukueni, waya msiguse.