Alama za Ushiriki

Nakala kumi na nne, wanafunzi hamsini na mmoja.
Basi nikanunua daftari la jalada gumu,
nikaandika juu kwa kalamu nzito: SEMENI.
Kila jioni litakwenda na mmoja wenu.
Someni sura, andikeni mnaloona.
Anayeandika, alama tano. Asiyeandika, sifuri.
Sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo.

Likaenda Kaloleni, likarudi na tone la mafuta ya taa.
Likaenda Umoja, likarudi limevishwa gazeti,
kwa kuwa mamake Mutheu hapendi kitu uchi.
Likalala Eastleigh juu ya marobota ya vitambaa;
Abdirizak akaandika kurasa tatu, akakata mbili.
Kerubo, kwa wino wa kijani, akalalamika
kwamba mwandishi anapenda mvua kupita kiasi:
"Kila mtu akilia, inanyesha. Buruburu hatulii hivyo."
Nilicheka peke yangu katika chumba cha walimu,
chai ikapoa.

Sura ya saba ndiyo iliyowasha moto.
Usiku ule nyumba ya tajiri inavunjwa,
na Ngoda, soja wa lango, anakutwa asubuhi
ameketi, kofia magotini, lango wazi,
hajafungwa kamba, hajapigwa hata kofi.
"Mwizi," akaandika Wafubwa. "Alikula njama."
"Mwizi," akajibu Naserian, "tena mwoga."
"Mwizi." "Mwizi." "Naunga mkono."
Hadi pambizo zikajaa,
wakaanza kuandika kiubavu, kama siafu ukutani.
Mutheu pekee aliuliza: funguo alipewa na nani?
Hakuna aliyemjibu. Hata mimi.
Nilipita na tiki nyekundu: tano, tano, tano.

Ekai alikuwa na sifuri sita.
Ekai wa dawati la dirishani, anayefika kabla ya kengele,
sweta yake ndefu kumzidi mikono,
ambaye nikimwita husimama, hutazama ubao,
huketi tena taratibu
kama mtu anayerudisha kitu cha watu.
Kwenye ripoti yake niliandika: Hashiriki.

Jumanne daftari halikurudi. Jumatano pia.
Alhamisi nililikuta mezani, ndani ya mfuko wa unga.
Chini ya mwizi wa mwisho, kwa penseli, mwandiko mdogo:

"Saa tisa usiku baridi ya Kilimani huingilia kisiginoni.
Mtu aliyeshinda mjengoni
na kukesha langoni
hufika mahali macho yako wazi na yeye hayupo.
Baba hukariri namba za magari ili asilale.
Hata nyumbani huzitaja, usingizini.
Ngoda hakuwafungulia. Alisahau kwamba kuna lango.
Na kofia ameivua kwa sababu anasubiri kufutwa.
Kofia ni ya kampuni."

Nilisoma nikiwa nimesimama.
Kisha nikaifungua riwaya, hiyo ninayoifundisha mwaka wa nne sasa,
na kweli, mstari wa chini kabisa, kofia ipo magotini,
nami sikuwahi kuuliza inafanya nini pale.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi.
Tano? Tano nilimpa hata yule wa "naunga mkono."
Nikafunika kalamu.

Ijumaa sikumwita. Niliapa sitamwita.
Daftari lilipita dawati kwa dawati, wakisoma wawiliwawili,
na lilipofika kwa Wafubwa
alilikata neno lake kwa mstari mmoja,
mwembamba, bado linasomeka.
Naserian akageuka nyuma:
"Namba gani? Za magari. Anasema zipi?"

Nilidhani atasimama, atazame ubao.
Hakusimama.
Akazitaja akiwa ameketi, uso dirishani,
herufi kwanza, kisha tarakimu, kisha herufi ya mwisho,
bila haraka, kwa sauti ambayo nadhani si yake,
moja, mbili, tano, tisa,
na darasa zima, hata Kerubo, kimya,
mpaka ya kumi na moja, akakwama.
"Hii," akasema,
"huwa anaikosea."