Kona ya Kumi na Saba

Alvani ndipo mtandao unapokata kauli.
Ukivuka daraja la mwisho, simu inabaki
saa tu, na tochi.

Jana wamefungua barabara ya Abano.
Gari langu limeshiba: unga, chumvi ya kondoo,
chanjo ndani ya sanduku la barafu,
na kochi la bibi arusi wa Dartlo
nimelifunga juu ya paa kwa kamba nne.
Miaka tisa napanda mlima huu kwa kumbukumbu.
Ila mwaka jana, kona ya kumi na saba,
ukungu ulishuka ghafla, mzito kama maziwa ya mgando,
nikakaa saa tatu, kiganja juu ya honi,
mbele naogopa, nyuma naogopa.
Ndiyo maana leo nimekubali kuchagua.

Bakhva, mtoto wa dada yangu, ameniletea programu tatu.
Nafasi kwenye simu yatosha moja.
“Futa picha, Tsiala.”
Picha sifuti.

Tukaweka simu hali ya ndege, juu ya meza,
kati ya jibini na bisibisi.

Ya kwanza ni mrembo. Rangi za peremende,
sauti ya mwanamke asiyewahi kukanyaga tope.
Nikaiuliza Omalo. Ikajibu papo hapo:
saa moja na dakika kumi.
Nilicheka hadi chai ikanipalia.
Saa moja na dakika kumi! Kwa punda gani mwenye mabawa?
Mimi huondoka alfajiri nikafika wakati wa chakula cha mchana,
na hapo Mungu akiwa hana shughuli nyingine.
Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walishaimaliza.
Nikaifuta.

Ya pili yajua mengi, lakini yauza:
milima kwa ada ya mwezi,
maji kwa ada ya mwaka.
Na bila mtandao inanuna, inadai nenosiri
kabla haijakuonyesha hata uliposimama.
Nikajiona nikifia korongoni gizani
huku nakumbuka herufi za jina la paka.

Ya tatu ina sura mbaya.
Kijivu juu ya kijivu, maandishi kama sisimizi,
kitufe cha kurudi wamekificha wanakojua wao.
Bakhva akaguna.
Mimi nikasogeza kidole kaskazini ya Dartlo,
ng’ambo ya mto, pale ambapo zile mbili
ziliacha weupe mtupu.
Kuangalia tu.

Pana nukta.
Nikaivuta, ikakua: vijiumba sita, magofu.
Na chemchemi.
Na jina, Naghvari,
ambalo mama alilitaja wiki nzima akiwa na homa
na mimi sijapata kuliona limeandikwa popote,
si kwenye bango, si kwenye cheti chake.

Nani alipanda kule akahesabu nyumba?
Nani alikinga maji kwa kiganja,
akarudi mwezi mwingine kuhakikisha,
akaandika: hukauka Agosti?
Hakuweka jina. Aliweka tarehe. Jumanne.

“Haina sauti,” Bakhva anasema. “Haina picha za juu. Itakuchosha macho.”
Najua.
Lakini tazama hapa, palipomomoka mwaka juzi:
mstari umekatika ukawa vitone,
na kando, kwa herufi ndogo, sina uhakika.
Kwenye ukungu, mwanangu,
sitaki mwenzangu wa safari ajue zaidi yangu.
Nataka akisita, aseme.

Megabaiti mia tatu na kumi na mbili.
Tukaipakua kwa mtandao wa duka la mikate,
mikate ikaiva kabla yake.

Sasa ni saa kumi na moja alfajiri. Injini inakohoa.
Nimewasha simu, nukta ya buluu imenikuta,
inatetemeka kidogo, kama mimi.
Na nimeshajifunza kitufe cha kuongeza.
Kona ya kumi na saba, nimeandika:
Hapa simama. Upande wa mwamba.
Panatosha gari moja na kochi.